Waliniweka Kwenye Vichekesho

Mtaani kwetu Kasongo rezo ya simu haikufuati nyumbani, weye ndiye unaifuata. Iko sehemu moja tu, juu kidogo ya barabara inayoshuka sokoni, kando ya ukuta wa shule ya mapadri, ambapo simu inashika vizuri. Ukipita pale jioni utakuta watu wamesimama kila mmoja ameinamia simu yake, hakuna anayemsalimia mwenzake. Mimi nilikuwa na jiwe langu pale. Nilikalia jiwe lile miaka, na nikisema kwamba pale ndipo nilipoanza kuishi kama mwanamke sifanyi utani. Utani nimechoka nao, na mtaona kwa nini.

Kazi yangu ni kusuka. Nasukia ndani ya chumba changu, pazia limeshushwa, kwa sababu wasusi wa sokoni hawataki kukaa na mimi, na waume za watu hawataki wake zao washikwe kichwa na mtu wanayemwona mwanaume. Lakini wateja wanakuja tu. Mkono wangu mwepesi, hauvuti ngozi, mtu anasukwa na siku hiyohiyo analala usingizi. Wanaingilia mlango wa nyuma wakichekacheka, wakitoka wanaangalia huku na huku. Tukikutana barabarani hawanijui. Sawa tu! Mtu ananikana huku kichwa anachotembea nacho ni kazi yangu.

Nilikozaliwa ni upande wa Kabambare, kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Salamabila, kule kwenye dhahabu. Tulizaliwa wawili, kaka yangu na mimi. Mama alinipa jina la baba yake, na kwetu ukimpa mtoto jina la baba yako, mtoto huyo ni baba yako kweli. Mama hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita baba. "Baba, umeamuka?" "Baba, kuja ukule." Kuku akichinjwa, filigisi ilikuwa yangu, hata nilipokuwa sijaota meno yote, na kaka alikuwa anatazama na kumeza mate. Kwa hiyo mbele ya mama sikuwa mtoto wa kiume tu, nilikuwa mzee wa ukoo wake. Na mimi tangu nipate akili nilijua kwamba ni mtoto wake wa kike. Nendeni nyinyi mkamweleze mama jambo hilo, kama mtaweza.

Sikuweza. Kaka ndiye aliyenikuta siku moja nimejifunga kitenge cha mama, nimejipaka wanja, najitazama kwenye kipande cha kioo. Alinitoa nyumbani kwa mpini wa jembe. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani. Lakini kila mavuno wafanyabiashara wa mchele waliponipitia Kasongo waliniletea kifurushi, mchele umetwangwa vizuri na juu yake samaki wa kukauka, na salamu: mama anasema, msalimieni baba yangu. Nilikula mchele ule na kulia, halafu nikasikia hasira kwa sababu nimelia.

Ukurasa wangu wa mtandaoni niliufungua kwa hasira hiyohiyo. Mtu alikuwa amenipiga picha sokoni kwa siri, nimevaa gauni chini ya koti, akaitupa mtandaoni, na watu wakanitukana mpaka wakachoka. Nikasema, aka, kumbe mnanijua! Basi mnijue vizuri. Nikasimamisha simu juu ya kopo la mafuta, nikamkalisha mteja anayekubali mgongo wake tu uonekane, nikaanza kusuka huku nasoma matusi yao kwa sauti, moja moja, na kuyajibu. Mmoja aliandika, "Mungu hakuumba mutu kama weye." Nikamjibu, "Basi aliyeniumba ni mjomba wako, umusalimie." Mwingine aliandika, "Rudi ukalime kama wanaume wenzako." Nikamwambia, "Baba, kwetu wanaume hawalimi, wanakaa wanangojea kula bukari. Anayelima ni mama yako, muulize." Mteja alicheka mpaka nikapoteza mstari wa msuko.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya pili. Mchana nasuka na kusoma matusi, jioni napanda kwenye jiwe langu kuituma video. Na watu wakaanza kuja. Kwanza watukanaji, halafu wengine, wanaoandika kwa woga, kwa majina ya uongo, kutoka Bukavu, Uvira, Kigoma, Lubumbashi. Wao ndio walionifundisha kwamba mtu kama mimi ana jina, anaitwa transi, na kwamba tuko wengi. Waliniita dada. Haki ya Mungu, neno hilo nililisoma kwenye kioo cha simu nikasikia joto mpaka kwenye masikio. Kulikuwa na mmoja wa Uvira, mshona nguo, ambaye nyumbani kwao anaitwa mtoto wa kiume kama mimi. Kila siku aliniandikia, "Dada, leo umewajibu vizuri, mimi nimejibu pamoja na weye moyoni." Ikitokea mwenzetu amepigwa mahali au amefukuzwa, mimi nilikuwa naitisha kelele, na wote walikuja kupiga kelele pale kwenye ukurasa. Hatukumkomesha mtu. Lakini aliyepigwa alisoma na kujua kwamba kuna waliomkasirikia.

Halafu mfanyabiashara wa mchele akaja bila kifurushi. Akakaa, akakataa maji ya kunywa, akaniambia mama ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa, mkono hauinuki, mdomo umepinda kidogo. Anakula akilishwa. Hawezi kujiosha.

Kwetu mwanamke mgonjwa huoshwa na binti yake. Si na mtoto wa kiume, astaghfirullah, na mke wa mtoto wa kiume hasa asimguse, maana mkwe na mkwe wanaoneana haya hata kula sahani moja. Mama hakuwa na dada aliye hai. Kwa hiyo aliyebaki kumwosha ni mke wa kaka, amefumba macho, amemfunika mama kitenge, anapitisha kitambaa juu juu kama mtu anayeosha sufuria nje tu. Yuko binti mmoja duniani wa kumwosha mama yangu, na huyo binti amekaa Kasongo anasuka vichwa vya watu.

Jioni ile nilirekodi bila mteja. Sikusoma matusi. Nilisema, "Mimi ni binti wa mama yangu. Mama yangu ni mgonjwa na naenda kumwosha kama binti anavyomwosha mama yake. Atakayekuja kunizuia mlangoni aje." Nilimtaja na namna alivyoanguka, nikalia mbele ya simu, nikaituma vilevile na makamasi yangu. Nilipofungua kesho yake, ukurasa wote ulikuwa machozi. "Nenda dada." "Umwoshe na kwa niaba yetu." Yule wa Uvira aliandika kwamba akiona mimi nimefaulu, na yeye ataenda kwao Fizi kumwambia mama yake. Sikuogopa, kwa sababu niliamini maneno yale yako mtandaoni, na kijijini kwetu mtandao hakuna. Hakuna hata kilima cha kuutafutia. Nilipanga nifike kwanza, nimwambie mama mwenyewe sikioni, taratibu, kabla ya kaka kujua kitu.

Mjinga mimi! Nilisahau namna watu wetu wanavyotazama video. Nani kijijini ananunua mega za intaneti? Pale sokoni Kasongo kuna nyumba ya shaji, mwenyewe ana sahani za umeme wa jua juu ya bati na kompyuta moja. Unamwachia simu ijazwe moto, na kwenye kadi memwari anakutilia vitu: nyimbo, mahubiri, filamu, mipira. Wafanyabiashara wakienda kwenye machimbo wanajaziwa kadi kwanza, na kule Salamabila kadi inazunguka simu kwa simu mpaka herufi zilizo juu yake zinafutika. Yule mwenye nyumba ya shaji alikuwa anachukua video zangu tangu siku nyingi. Na kwa kuwa mimi nachekesha, na kwa akili yake mwanaume aliyevaa gauni ni mchezo tu, aliniweka kwenye vichekesho.

Hayo niliyajua njiani. Tulifika kwenye bariere ya askari, mimi nyuma ya pikipiki, suruali, koti, kofia imefunika misuko. Askari alinitazama muda mrefu, nikasema leo nimekwisha. Akatoa simu yake. Sauti yangu ikatoka: basi aliyeniumba ni mjomba wako, umusalimie. Wenzake wakacheka kabla haijaisha, walikuwa wanaijua kwa moyo. "Komediani!" akasema, akanipiga begani. "Tunakupenda sana. Ile ya kulia, ya mama mugonjwa, hiyo ilituua kabisa! Unajua kulia kama mwanamuke wa kweli." Wakainua mti wa bariere bila kuniomba kitu. Yule wa pikipiki alikuwa anafurahi amebeba mtu mkubwa. Ile ya mama ilikuwa imenitangulia.

Uwanjani kwetu wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti, kaka katikati, simu mkononi. Hakuna aliyeinuka. Mke wa kaka alikuwa mlangoni kwa mama ameshika beseni. Nikasalimia, wakaitikia nusunusu. Kaka akaicheza ile video ya kulia yote, mpaka mwisho, mbele ya wazee, halafu akasema, "Watu wa Salamabila wanasema hii ni vichekesho. Wanasema uko artiste. Mimi nataka nisikie kwa mudomo wako. Kama ni mchezo, ingia, mama yuko ndani. Kama ni kweli, geuza hiyo pikipiki."

Mlango wa mama ulikuwa karibu hivi, hatua chache tu. Nilimsikia anakohoa ndani. Nimekwishawajibu watu wa miji yote, mimi, hakuna tusi lililowahi kunikosesha neno. Lakini hili halikuwa tusi. Niliwaza: nikisema kweli, sitamwona. Nikisema uongo, nitaingia, na ndani tutakuwa wawili, nitamwambia yeye peke yake. Nikasema, "Ni mchezo tu."

Jamani, walivyofurahi! Mzee mmoja, mjomba wa baba yetu mzazi, alipumua kwa nguvu akasema alhamdulillah. Viti vikasogezwa, nikapewa kimoja. Vijana walikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba. "Fanya basi ile sauti! Fanya ile ya kulia!" Nilikataa, kaka akanitazama. Nikafanya. Nilisimama katikati ya uwanja wa mama yangu, nikalegeza kiuno, nikapaaza sauti yangu mwenyewe, sauti ambayo ni yangu kweli, nikasema, "Mimi ni binti wa mama yangu," na watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alikuwa amenyoosha simu, anarekodi tangu kaka aliponiuliza. Nilipogeuka, mke wa kaka hakuwa tena mlangoni. Alikuwa ameingia na beseni.

Niliposogea mlangoni alinizuia kwa mkono, kwa adabu. "Ngoja, shemeji, namwosha." Nikangoja nje. Nilisikia maji yakikamuliwa kwenye kitambaa.

Nilipoingia, mama alikuwa amegeukia ukutani. Bado kulikuwa na harufu nzito ya mtu aliyekaa bila kuoshwa, kwenye godoro, kwenye vitenge, na nilimkasirikia shemeji moyoni, nikasema huyu mwanamke mchafu amemwacha mama hivi. "Mama," nikasema. Hakugeuka mara moja. Halafu akaleta uso, ule upande mmoja wa mdomo umeshuka, akanitazama kama anatafuta mtu nyuma yangu. "Baba," akasema, "umefika." Basi.

Nilijaribu. Kaka alikuwa anaingia na kutoka, wazee wanaingia kumjulia hali, lakini palitokea nafasi ndogo, nikamwinamia sikioni nikasema, "Mama, si mchezo. Yale niliyoyasema kwenye simu ni ya kweli." Machozi yalimtoka kwa jicho moja, lile lililokuwa bado na nguvu. "Umesema ni mchezo," akasema polepole, kwa taabu, "sasa unasema si mchezo. Mimi ni mugonjwa, baba. Usinichezee." Akafumba macho. Kaka akaingia.

Hakusema tena neno lililoeleweka. Homa ilipanda, na baada ya siku chache alitutoka, asubuhi, watu wakiwa wanakunywa chai uwanjani. Wanawake walifunga vitenge kuzunguka mahali pa kumwoshea. Mimi nilipewa jembe. Nikiwa na jina la baba yake nilikuwa mfiwa mkubwa, kwa hiyo nilinyolewa kipara, misuko yangu ikaanguka kwenye vumbi na hakuna aliyeshangaa, maana msanii anasuka nywele kwa ajili ya kazi. Nilichimba na wanaume, nikashuka kaburini na wanaume, nikampokea mama kwenye sanda. Huko ndiko nilikomshika mwili, ameshaoshwa na wengine.

Niliporudi Kasongo nilipanda kwenye jiwe langu kichwa kikiwa wazi kama yai. Nilitaka nilie na watu wangu. Ukurasa ulikuwa umewaka moto. Ile kadi ilikuwa imekwenda mbele yangu kwenda kijijini, na nyingine ilikuwa imenitangulia kurudi. Yule aliyerekodi uwanjani alimpa mtu wa pikipiki, yeye akamfikishia mwenye nyumba ya shaji, na huyo, kwa furaha tu, kwa kunitangaza, aliitupa mtandaoni. Niko pale katikati ya uwanja, nasema ni mchezo tu, kisha nachekesha watu. "Kumbe tulikuwa tunachekwa." "Mimi nilimlilia huyu mtu." "Wanaume wa kawaida wanavaa gauni kutafuta umaarufu juu ya maumivu yetu." Waliokuwa wakinitukana zamani sasa walinipongeza. Waliokuwa wakiniita dada walikuwa wanaondoka. Yule wa Uvira hakunitukana. Aliandika tu, "Sikungoja, niliwaambia nyumbani kwa sababu yako," na chini yake hakuna kitu kingine. Nimemwandikia maneno mengi. Hajawahi kuyafungua.

Nilieleza. Nilirekodi, nikasema kweli yote, sura yangu, kipara changu. Unajua waliandika nini? Waliweka vikaragosi vinavyocheka. Hata aliyeniamini aliniuliza ni mara ngapi atakuwa ananiamini.

Mjini hapa sasa wananipenda. Vijana wa pikipiki wananiita artiste, wananibeba. Wasusi wa sokoni wamenikaribisha kwenye kibanda chao, wanasema njoo utuchekeshe. Waume za watu hawana neno tena. Juzi mwenye arusi mmoja alikuja kuniomba nikafanye ile ya mama mgonjwa. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye akacheka, akidhani nimeanza.

Shemeji alikuja baada ya arobaini. Alikuwa ameleta mchele sokoni, na kwa kuwa matanga yamekwisha, wanawake wanaruhusiwa kusuka tena, akaniomba nimtengeneze. Nikamkalisha chini, nikamgawa nywele, nikaanza nyuma. Ni mtu wa maneno machache. Tulikuwa tumefika katikati ya kichwa aliposema, "Shemeji, usinichukie kwa ile harufu. Niliona ulivyonitazama."

Nikamwambia hayo yamepita.

"Haikuwa uvivu wangu," akasema. "Mume wangu alipopata ile video alimwekea mama, ili aone aibu yako. Mama akasema airudishe. Airudishe tena. Tangu siku ile alinikatalia maji. Kila nikileta beseni anasema, hapana, wacha, binti yangu iko njiani. Mimi nilifikiri ni ugonjwa umemuingia kichwani. Hata ile siku uliyofika alisikia pikipiki, akaniambia nipashe maji na nikungojee mlangoni nikupe beseni. Halafu tukakusikia pale nje. Watu walipocheka aliniita, akasema, basi, nioshe weye."

Alikuwa amenipa mgongo. Akapapasa kichwa chake kwa mkono.

"Mbona umesimama, shemeji?"

Nikamwambia vidole vimekufa ganzi.